Upepo wa Lami

Inspekta Rakiah aliingia gereji ya Voon mjini Lawas saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, akiwa amebeba saruni iliyofungwa fundo kama mtu anayepeleka mchele ukweni. Nyuma yake Koplo Nyaling alikuwa na saruni ya pili, na aliibeba kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Umeshakunywa chai, tauke?" aliuliza Rakiah, kwa jina ambalo mji mzima uliwaitia wenye maduka.

"Nimekunywa mara mbili," alijibu Voon bila kuinuka kwenye kibao chake. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kaptura, na mikono yake ilikuwa imekula vumbi la mpira kwa miaka arobaini hata sabuni zikakata tamaa. "Afande ameleta tairi au ameleta kesi?"

"Vyote."

Ilikuwa kweli. Hilux ya kituo cha polisi ilikuwa na matairi vipara, na mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Rakiah akachague mapya. Lakini kilichomtoa kitandani alfajiri kilikuwa ndani ya saruni. Kesho asubuhi Tagal Labo, dereva wa Long Rabat, angepandishwa kwa hakimu kwa wizi wa dainamo ya mtambo wa umeme wa maji wa kijiji chake mwenyewe, iliyotoweka Jumapili, na polisi wangeomba wiki nzima ya kumweka ndani. Na Jumamosi ilikuwa sherehe ya Tagal. Binti yake alikuwa amempa mjukuu wa kwanza, na kwa Walun Bawang, kabila lake, mtu akipata mjukuu huchinja nyati wa kufugwa, huita kijiji kizima, na mbele ya wote hupewa jina jipya la ubabu. Jina la zamani halitajwi tena. Mtu aliyekamatwa kwa kuwazimia taa majirani zake angepewa jina gani, na nani?

Rakiah alifungua saruni zote mbili juu ya meza ya chuma. Zilikuwa plasta mbili nyeupe, zilizomwagwa kwenye alama za tairi zikaganda, kila moja na urefu wa mkono.

"Hii niliimwaga kwenye tope nje ya kibanda cha mtambo," alisema. "Na hii nje ya nyumba ya Tagal, karibu na zizi. Tope ni lilelile, na mvua iliyolilowesha ilikuwa moja, ya Jumamosi. Meno ya tairi ni yaleyale. Mkuu wangu anasema basi, kesi imekwisha."

"Na wewe?"

"Mimi nasema hii ya kibanda ni nyembamba, na sijui kwa nini."

Voon alivaa miwani. Hakuangalia plasta, aliigusa, kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Kisha alichukua kijiti cha kiberiti akapima kina cha meno, katikati kwanza, halafu pembeni.

"Ni chapa ya Badak," alisema. "Tairi la kati."

"La kati ya nini na nini?"

"Afande, unakuja kununua tairi na hujui unachonunua." Voon alifurahi, hakuna kilichompendeza kuliko mteja asiyejua. "Sikiliza. Kuna tairi la lami: laini, kimya, linakamata barabara kwenye mvua. Lipeleke njia ya magogo, litajaa tope hapa katikati ya meno, na wewe utakuwa unaendesha chapati. Kuna tairi la matope: meno haya, marefu, mapana, linapanda mlima wowote. Lilete lami, linavuma kama mashine ya kukoboa mpunga, linateleza kona yenye maji, na baada ya miezi minane limekwisha. Sasa Tagal, wiki moja ana kilomita arobaini za lami na tisini za magogo, kwenda na kurudi. Anabeba bibi za watu. Anataka nini?"

"La kati," alisema Nyaling.

"Koplo ana akili, tatizo anaificha. La kati. Meno ya pembeni makubwa kwa ajili ya tope, ya katikati yamekaribiana kwa ajili ya lami, na ubavu wake una nyuzi za kutosha kuvumilia jiwe. Lakini," Voon aliinua kijiti cha kiberiti, "tairi la kati ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni upepo. Lami unajaza thelathini na sita. Ukifika mwisho wa lami, unaushusha. Tairi linalala, linakuwa pana, meno ya pembeni yanafanya kazi. Usiposhusha unatembea na katikati tu, unachimba, unateleza, na mawe yanakula tairi."

Alisukuma plasta ya zizini kwa Rakiah. "Hii imelala. Ona, pembeni kumezama sawa na katikati." Halafu ile ya kibandani. "Hii haikulala. Pembeni kumegusa tu. Hili tairi lilipanda mpaka Long Rabat likiwa na upepo wa lami. Nikikuta dereva wa kule amefanya hivyo, nafunga duka nakwenda kuuza tambi."

Rakiah aliuliza kile ambacho mkuu wa kituo angeuliza. "Hawezi kuwa aliyajaza kule juu?"

"Kwa mdomo? Pampu yake imekufa tangu Mwaka Mpya wa Kichina. Kila akishuka anakuja hapa, anajaza bure, anakula biskuti zangu."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Alijaza hapa Alhamisi iliyopita, jioni. Ijumaa akapanda na mizigo."

Hapo Koplo Nyaling alikohoa. Alikuwa Mwiban wa Kapit, mtoto wa mto na mashua, na mambo ya barabara aliyachukulia kama adhabu. "Afande, mimi ndiye niliyeshusha gari lake Jumatatu, tulipomkamata. Lilikuwa zito, linavuta kama punda aliyegoma. Nilidhani ana pancha nne. Nilikuja kujaza hapahapa kabla ya kulipeleka kituoni."

Rakiah aligeuka polepole. "Pancha nne, Nyaling. Na hukuniambia."

"Niliona aibu, afande. Niliendesha hivyo kilomita ishirini za lami, watoto wa shule wakanipita kwa baiskeli."

"Nilipima kabla sijajaza," alisema Voon. "Ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Pancha haina adabu hivyo."

"Nani mwingine amenunua Badak za saizi hii?"

"Mwaka huu? Watu watatu. Tagal. Gari la zahanati, hilo pale." Alionyesha nyuma ya gereji, ambako Hilux nyeupe ilikuwa juu ya matofali bila injini. Rakiah alikwenda akaiangalia hata hivyo. Majani yalikuwa yameota kupitia kwenye rimu. Aliporudi Voon alimaliza. "Na yule wa majenereta ya dizeli, Dennis Riong. Alitaka ya matope, eti gari lionekane dume. Nikamwambia, wewe kutwa uko barabara ya Miri, utakuwa kiziwi. Nikampa ya kati. Sasa yana wiki sita."

"Ulimweleza habari za upepo?"

"Nilianza kumweleza. Alikuwa kwenye simu."

Walitoka wakiwa wameagiza Badak nne kwa ajili ya kituo.

Mkuu wa kituo alikuwa uani akinywa chai ya maziwa alipoona Rakiah anamtoa mahabusu, bila pingu, na kumsimamisha mbele ya gari lake mwenyewe. Tagal Labo alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mabega ya kubeba magunia. Siku tatu za ndani zilikuwa zimemnyong'onyeza.

"Mzee Tagal," alisema Rakiah, "ukifika mwisho wa lami unafanya nini?"

"Pale daraja la Belipat? Nashusha upepo, afande. Sote tunashusha pale."

"Una geji?"

Tagal alimtazama kama aliyeulizwa kama ana helikopta. "Ya nini? Tunaomba."

"Mnaomba nini?"

"Tunasali. Magurudumu manne, sala nne. La kwanza tunaombea njia. La pili waliomo garini. La tatu tuliowaacha mjini. La nne wanaotungoja juu. Unabonyeza valvu kwa ufunguo, unasali. Ukisema amina, unaachia. Upepo unakuwa sawa." Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Isipokuwa akiwa mchungaji Baru ndani ya gari. Yeye akishika gurudumu, tunakwenda na rimu."

Mkuu wa kituo aliweka glasi chini. "Inspekta, hii ni nini sasa?"

"Dakika tano, bosi. Nyaling, geji."

Matairi yote manne yalikuwa na thelathini na sita, kama Voon alivyoyajaza. Tagal alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akatia ncha ya ufunguo, na upepo ukaanza kupiga mluzi. Midomo yake ilitembea bila haraka. Amina. Nyaling alipima: ishirini na mbili. La pili: ishirini na mbili. La tatu: ishirini na tatu. Kwenye la nne Tagal alianza vizuri, halafu akatoa ufunguo kabla ya amina, kwa kuwa wanaomngoja juu walikuwa mke wake, binti yake, mjukuu wake na nyati aliyekwisha fungwa. Rakiah alimshika bega akamwambia yanatosha.

"Kwa nini ulituambia Jumapili ulilala nyumbani unaumwa?" aliuliza.

Tagal aliangalia chini. "Lori liliniachia sukari na kahawa ya sherehe pale darajani Jumamosi. Jumapili mvua nyingine ikatishia. Nilitoroka ibada nikaenda kuchukua. Mimi ni shemasi, afande. Shemasi kufanya kazi Jumapili! Nilisema naumwa kanisani, nikasema naumwa kwenu."

"Kwa hiyo ulichagua mahabusu kuliko aibu."

"Nilidhani mahabusu ni ya siku moja."

Mkuu wa kituo alicheka bila kutaka. Rakiah hakucheka. "Njiani ulimwona mtu?"

Tagal alifuta ufunguo kwa shati. "Nilisikia gari mbele yangu likipanda. Halafu likaingia ile njia ya zamani ya magogo, likazima. Nikajua ni mtu asiyetaka kuonekana. Hata mimi sikutaka kuonekana. Tukapishana hivyo. Baadaye ningesemaje, na nimeshasema nilikuwa kitandani?"

Rakiah alimgeukia mkuu wake. "Alishusha upepo Ijumaa akipanda. Pampu hana, na pa kujazia ni Lawas tu. Jumapili alikwenda mpaka darajani akarudi, lami hakuikanyaga. Jumatatu koplo wetu ameyakuta na ishirini na mbili. Aliyefika kibandani alikuwa na upepo wa lami. Si yeye, bosi."

"Basi nani?"

"Nipe mpaka saa kumi."

Duka la Dennis Riong lilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni, na mbele yake Hilux nyeusi iling'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Ndani kulikuwa na majenereta mapya manne ya dizeli, yamepangwa mstari. Dennis mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushee, shati limepigwa pasi, mcheshi. Alizaliwa Long Rabat, akakulia Miri kwa mjomba wake, na kijijini alikuwa na mama tu.

"Karibu afande! Umeme umekatika kituoni?"

"Hapana. Nimekuja na shida ndogo. Nimepewa kazi ya kuchagua matairi ya gari letu, na mimi mambo haya sijui. Voon anasema nichukue Badak kama zako."

Dennis alitoka nje naye akiwa amependezwa. "Chukua, afande, usijiulize. Tulivu kabisa. Miri mpaka hapa nasinzia."

"Na njia ya magogo? Sisi tunapanda mara kwa mara."

"Huko sijui. Haya hayajatoka lami hata siku moja. Long Rabat mara ya mwisho nilikwenda Krismasi, na gari la watu."

"Hata kumsalimia mama?"

"Kazi, afande. Kazi nyingi."

Rakiah alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Kwenye meno ya pembeni vile vinywele vya mpira ambavyo tairi huzaliwa navyo vilikuwa bado vimesimama. Meno ya katikati yalikuwa hadithi nyingine: yalikuwa yametafunwa, vipande vidogo vimeng'oka, kingo zimechanika.

"Kumbe lami ya Miri ina meno," alisema. "Tazama hapa. Pembeni hata hapajaguswa, katikati pameliwa na mawe. Lami haifanyi hivi, Dennis. Na aliyeshusha upepo hapati hivi."

"Labda kokoto za barabara inayotengenezwa pale..."

"Labda. Nyaling, lete ile."

Koplo alifungua saruni. Rakiah aliishika plasta ya kibandani karibu na tairi na kumwomba Dennis asogeze gari mbele kidogo. Aliposogeza, akamwomba tena. Mara ya tatu jino moja la katikati lilikuja juu, limekatika pembe, kama jino la mtu aliyeuma mfupa. Kwenye plasta pengo lilikuwa palepale, jino la pili kutoka kushoto, na mkato uliinama upande uleule. Nyaling alipiga picha tatu, akapima kwa rula, akaandika.

"Tairi zinafanana, afande," alisema Dennis. Ucheshi ulikuwa umemwisha.

"Zinafanana zikiwa dukani. Wateja wako wa Long Rabat walikuja lini?"

"Wateja gani?"

"Wazee watatu waliokuja kuulizia jenereta. Mwenye duka la kahawa hapo mbele anasema Jumanne. Mtambo wao wa maji uliibwa Jumapili, Jumanne wako kwako. Kijiji ambacho hakijawahi kukuhitaji."

Macho ya Dennis yalikwenda stoo, nyuma ya majenereta, yakarudi haraka. Hayakurudi haraka vya kutosha. Nyaling alikwisha kuanza kutembea kuelekea huko.

"Unajua tulivyomkamata Tagal?" Rakiah aliuliza kwa sauti ileile ya kuulizia matairi. "Kulikuwa na shahidi mmoja. Bibi ambaye goti lilimzuia kwenda kanisani. Alisikia Hilux ikipita nyuma ya nyumba yake. Akafikiri, kijiji hiki kina Hilux moja tu, basi ni ya Tagal. Akatuambia hivyo, na alilia alipokuwa anatuambia, maana Tagal ndiye anayemletea dawa zake."

"Bibi gani?"

"Bibi Sinau."

Dennis aliketi kwenye ngazi ya duka lake, pasi ya shati na vyote. "Mama alikuwa nyumbani?" alisema. "Nilijua wote wako kanisani. Nilipita hatua hamsini tu na mlango wake, afande. Nikaona dirisha liko wazi, nikasema amesahau kulifunga."

Kutoka stoo Koplo Nyaling aliita kwamba kuna kitu chini ya turubai, na kwamba kitu chenyewe kimeandikwa kwa rangi nyekundu jina la kanisa la Long Rabat.

Ijumaa hakimu alimwona Dennis, si Tagal. Asubuhi hiyohiyo Tagal alitia sahihi fomu ya kuachiwa. Koplo Nyaling alimwomba aandike jina lake kamili, na aliliandika polepole, kwa herufi kubwa. "Litunze hilo, koplo," alisema. "Baada ya kesho hutasikia mtu akiniita hivyo."

Jumamosi alfajiri magari mawili yaliondoka Lawas. La mbele lilikuwa la Tagal, na Rakiah akiwa kiti cha abiria, na nuba, wali laini uliofungwa majani, ikimwachia joto mapajani. La nyuma lilikuwa la kituo, matairi mapya, dainamo imefungwa kamba nyuma, Nyaling akiendesha. Penye daraja la Belipat walisimama. Nyaling alitoa geji yake akaanza kazi kiserikali. Tagal alitoa ufunguo.

Gurudumu la kwanza aliombea njia, la pili waliomo garini, akimtaja Rakiah kwa cheo. Rakiah, aliyekuwa na dua zake mwenyewe, alisimama kando kwa heshima. La tatu, la waliobaki mjini, Tagal alirekebisha ufunguo kwenye valvu, kisha akamtaja Dennis Riong. Akasema amina.

Kwenye la nne alipiga magoti tena. Rakiah alijua nani wanangoja juu: mke, binti, mtoto mchanga, wageni wa vijiji vitatu. Alitarajia kusikia majina hayo. Tagal alianza na Bibi Sinau. Aliombea goti lake. Aliombea usingizi wake wa usiku huu, atakapokuwa ameambiwa habari za mwanawe, na masikio yake yaliyosikia gari asilijue. Aliomba watu wasiache kumpelekea moto na maji, na asione aibu kuja kula nyati. Mluzi wa upepo uliendelea, ukapungua sauti, na ubavu wa tairi ukaanza kukunjana kwenye kokoto.

Nyaling alimaliza matairi yake manne akaja na geji, tayari kusema. Rakiah alimwekea mkono kifuani akamzuia.

Tagal aliposema amina, tairi la nne lilikuwa limelala kabisa. Alilitazama, akajifuta uso kwa bega.

"Hili halitafika," alisema.

"Teremsha spea, mzee," Rakiah alisema, na yeye mwenyewe akaenda kuchukua jeki.